Upepo wa shokapu ya nyuma unakwenda wapi?

Swali: Shikamoo fundi. Niko Moshi, nina baiskeli ya mlima ya mtumba yenye shokapu mbele na nyuma. Ya nyuma ni ya upepo, imeandikwa RockShox Monarch R, na kwenye kibandiko kuna 200 x 57. Nina kilo 78. Jioni nikirudi naijaza hadi psi 170, asubuhi nikipima nakuta 135, siku nyingine 130. Juzi nikiwa njia ya Marangu ilizama ikagoma kurudi juu, hata nilipoinua baiskeli nzima. Fundi wa pikipiki hapa jirani anasema sili (raba za kuzuia upepo usitoke) zimekufa, anataka kuifungua kwa spana ya bomba. Nimpe? Na ni kweli shokapu ya upepo ikishaanza kuvuja ni ya kutupa?

Marahaba, mdogo wangu. Usimpe, angalau si leo. Sisemi kwamba jirani yako hajui kazi. Shokapu ya pikipiki anayoijua yeye ina springi ya chuma, ukiifungua vibaya unaiona springi inakuja. Hii yako ikizama ikagoma kurudi, inaweza kuwa imebeba upepo mwingi uliojificha mahali ambapo pampu yako haiufikii na geji yako haiuoni. Ukilizungusha kopo, yaani ile silinda ya nje inayobeba upepo, kwa spana ya bomba, uzi wa mwisho unapoachia, kopo linatoka na chochote kilicho mbele yake. Nitarudi hapo, maana ndiyo sehemu ya barua yako iliyonitisha.

Kwanza hizo namba zako. Nina wasiwasi kwamba sehemu kubwa ya upepo unaosema unapotea haujavuja kabisa.

Tairi lako la nyuma lina psi 25 au 30 na nafasi kubwa ndani. Shokapu ina psi 170 ndani ya nafasi ambayo haijai hata glasi ya chai. Asubuhi unapofunga pampu kwenye valvu, mpira wa pampu na geji yake havina kitu ndani zaidi ya hewa ya kawaida. Valvu ikifunguka, upepo wa shokapu unakimbilia kwanza kuujaza mpira huo. Kwenye tairi usingehisi kitu, lakini kwenye nafasi ndogo kama hii, psi 10 au 15 zimeondoka kabla hujasoma geji. Geji haikudanganyi: inakuonyesha presha iliyobaki baada ya wewe mwenyewe kuipunguza kwa kupima. Na ule mlio wa "psss" unaousikia ukifungua pampu, ule unaowafanya watu wafungue haraka haraka kama wanakimbizwa, kwa sehemu kubwa ni upepo wa mpira wa pampu unaotoka. Valvu ya shokapu inakuwa imeshajifunga.

Jaribu hivi leo. Jaza hadi 170, fungua pampu, hesabu hadi kumi, funga tena, usome. Ukikuta 156, basi hiyo 14 ni ya pampu yako. Iandike mahali, kila pampu ina yake.

Halafu kuna joto. Unasema unajaza jioni ukirudi. Ukirudi kutoka wapi? Kama umeteremka kutoka Marangu kwa mawe na mizizi, shokapu inakuwa ya moto, ishike uone. Ile oili ya ndani kazi yake ni kugeuza mtikisiko kuwa joto, na joto hilo linaingia kwenye upepo. Tuseme ni nyuzi 45 unapojaza, na asubuhi Moshi kuna nyuzi 18. Kwa hesabu ya kawaida ya gesi, psi 170 hizo zitashuka kwa kama 15 bila tone la upepo kutoka nje. Jumlisha na zile 14 za pampu, tumefika karibu 30. Wewe unalalamikia 35 hadi 40. Kwa hiyo, kama hesabu yangu inakaa kwako, kinachovuja kweli kwa usiku mmoja ni psi 5 hadi 10. Hicho ni kivujo, sikatai, lakini si maiti.

Hapo hapo niwaambie na wale wanaopanda Kilimanjaro kwa baiskeli kupitia Kilema. Watu wanadhani huko juu shokapu itakuwa ngumu kwa sababu hewa ya nje ni nyepesi. Ni kweli ukifika kambi ya Horombo, mita 3,720, geji inapanda kama psi 4 kuliko Moshi kwa sababu hiyo. Lakini ukitoka kwenye nyuzi 30 ukakuta 5, baridi inakunyang'anya kama 15. Mwisho wake shokapu inakuwa laini zaidi, si ngumu. Ijaze ukiwa kule, ikiwa imeshapoa, si getini.

Kwa sababu ya vituko hivi vyote vya geji, mimi kwa kawaida simpimi mtu kwa pampu. Nampima kwa milimita. Kwenye shafti ya shokapu yako kuna kioringi, pete ndogo ya raba inayoteleza. Shokapu ikiwa imenyooka kabisa, kisogeze kioringi hadi kiguse sili ya kopo, kaa kwenye siti taratibu na begi lako mgongoni, shika ukuta, weka miguu kwenye pedeli, kisha shuka taratibu bila kudundisha. Umbali kati ya sili na kioringi ndiyo sagi, yaani kiasi shokapu inachozama kwa uzito wako tu. Yako ina mwendo wa milimita 57. Nataka uone kati ya 14 na 17, ambayo ni robo hadi asilimia 30. Ukipata 16 leo jioni shokapu ikiwa imepoa, na 16 kesho asubuhi, hakuna kilichovuja, geji iseme itakavyo. Ukipata 16 kisha 22, kuna kivujo cha kweli. Rula haili upepo.

(Psi 170 kwa kilo 78 ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa njia. Kilo 78 ni pauni 172, na baiskeli nyingi za aina hiyo zinakubali psi zinazokaribiana na pauni za mpandaji. Lakini fremu hazifanani, ndiyo maana mwisho wa maneno ni rula.)

Sasa tuje kwenye kule kuzama na kugoma.

Ndani ya kopo la upepo kuna vyumba viwili, si kimoja. Kuna chumba kikubwa, kile unachokijaza kwa pampu, ambacho kinasukuma shokapu inyooke. Upande wa pili wa pistoni kuna chumba kidogo, na upepo wake unavuta kinyume: unajaribu kuifupisha shokapu. Wenyewe wanaviita chumba chanya na chumba hasi. Hicho kidogo kimewekwa makusudi. Bila hicho, shokapu ya upepo ingekuwa ngumu kama jiwe kwenye milimita za mwanzo, usingepata ule ulaini wa kokoto ndogo. Chumba kidogo hakina valvu yake. Kinajazwa kwa ujanja: kwenye ukuta wa ndani wa kopo kuna kibonyeo kidogo, na sili ya pistoni inapopita juu ya kibonyeo hicho, karibu na mwanzo wa mwendo, upepo unapata kichochoro cha kupita na vyumba viwili vinasawazishana. Ndiyo maana unapojaza shokapu unaambiwa uibonyeze taratibu mara kumi, robo ya mwendo, kila baada ya psi 50. Hupati mazoezi ya bure, unakipa chumba kidogo chakula chake.

Sili ya pistoni ikichakaa, kila unapogonga jiwe chumba kikubwa kinabanwa, presha inapanda kwa ghafla, na upepo kidogo unapenya kwenda chumba kidogo pasipo ruhusa. Jiwe hili kidogo, jiwe lile kidogo. Chumba kidogo kinashiba, kinazidi nguvu, kinaivuta shokapu chini. Ikishavutwa chini sana, pistoni haifiki tena kwenye kile kibonyeo, kwa hiyo hakuna kichochoro cha kusawazisha. Imejifunga yenyewe. Ukimwaga maji ya sabuni kila mahali hutaona hata povu moja, kwa sababu upepo haujatoka nje. Umehama chumba.

Kuna njia nyingine ya kuifikisha hapo hata sili zikiwa nzima, nayo nimeiona mara nyingi kuliko unavyofikiri: mtu anabonyeza pini ya valvu na kutoa upepo wote kwa mkupuo. Chumba kikubwa kinabaki kitupu, kidogo kimebaki na presha yake yote, shokapu inanywea kama imekata tamaa. Je, juzi kabla ya kugoma, wewe au mtu mwingine mlitoa upepo wote ili "muanze upya"? Kama ndivyo, huenda hakuna kilichokufa.

Kipimo chake ni kimoja, na hakihitaji kufungua kitu. Ning'iniza baiskeli, gurudumu la nyuma lisiguse chini. Chukua futi ya kupimia, pima kutoka katikati ya tundu la bolti ya juu hadi katikati ya tundu la bolti ya chini. Namba ya kwanza kwenye kibandiko chako, 200, ndiyo urefu huo kwa milimita shokapu ikiwa imenyooka. Ukipata 200, salama. Ukipata 185, imezama. Basi jaza upepo kidogo kidogo hadi karibu psi 250, mradi usivuke kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye shokapu yenyewe. Uso wako usiwe karibu nayo. Ikifika mahali ikanyooka, mara nyingi kwa mshtuko mdogo, pistoni imefika kwenye kibonyeo na vyumba vimesalimiana. Hapo sasa punguza upepo taratibu sana, psi 20 au 30, ibonyeze mara chache, punguza tena, bonyeza tena, hadi urudi 170.

Ikifika huko na bado haijanyooka, simama. Usiifungue. Usiitoboe. Usimruhusu mtu "aigonge kidogo". Ifungashe umpelekee fundi mwenye vifaa vya shokapu za baiskeli na umwambie kwa mdomo wako kwamba imezama na presha iko ndani.

Nasema hivi kwa sababu miaka ya mwanzo nilifungua moja ya namna hiyo. Mteja alinihimiza, mimi nikajiona mjuzi. Nilikuwa nimetoa upepo wote kwenye valvu, geji ilisoma sifuri, nikajiaminisha. Kopo lilizunguka vizuri kwa mkono hadi uzi wa mwisho, kisha nikasikia mlio kama wa tairi la lori linalopasuka, na nilipofumbua macho lilikuwa limelikunja bati la dari juu ya meza yangu. Nilikuwa nimeinamia upande wa kushoto. Kama ningeinamia katikati, barua yako ingejibiwa na mtu mwingine. Lile bati sijalinyoosha mpaka leo.

Tuseme sasa yako imenyooka, na rula inaonyesha kivujo kidogo cha usiku. Anza na maji ya sabuni. Weka tone kwenye valvu, na kabla ya yote kaza pini yake. Ni valvu ya aina ile ile ya gari, na zaidi ya mara moja nimeletewa shokapu "mbovu" ambayo pini ilikuwa imelegea robo mzunguko. Halafu paka pale kopo linapoungana na jicho la shokapu (tundu la bolti), na pale shafti inapoingia kwenye kopo. Kama huoni kitu, itoe kwenye fremu uizamishe kwenye ndoo ya maji safi ukae nayo dakika tano. Povu la kivujo cha psi 5 kwa usiku linakuja moja, kisha unasubiri hadi unataka kuondoka, kisha linakuja jingine. Ukiwa na haraka hutaliona.

Povu likitoka kwenye shafti au kwenye uzi wa kopo, unahitaji huduma ya kopo la upepo, na hiyo inaweza kufanyika nyumbani kama una utulivu. RockShox wanasema ifanyike kila saa 50 za kuendesha. Watu wanacheka wakisikia, lakini fanya hesabu: safari mbili za saa tatu kwa wiki, saa 50 zinaisha ndani ya miezi miwili. Mimi binafsi kwa vumbi la kiangazi la Moshi na Arusha, lile la volkano lililo laini kama poda lakini linakata kama msasa, nafuata hizo saa 50. Masika, ukiosha baiskeli bila kupiga maji ya presha moja kwa moja kwenye sili, unaweza kuzirefusha saa hizo kidogo.

Kabla ya kugusa spana, nunua seti ya sili ya shokapu yako hasa, kwa jina na mwaka wake. Namba ya utambulisho imechongwa kwenye shokapu. Oringi za maduka ya haidroliki, zile wanazokupimia kwa kalipa kutoka kwenye kopo la mia mchanganyiko, nazikubali kwa sehemu isiyosogea, kama kwenye uzi wa kopo. Kwa pistoni hapana. Ile sili ya pistoni mara nyingi ukiikata unaona umbo la herufi X, si duara, na ubora wa mpira wake ndio unaoamua kama utarudi tena kwenye ndoo baada ya wiki mbili.

Toa upepo kwa ustaarabu: ukiwa bado umeifunga kwenye baiskeli, achia kidogo kwenye valvu, bonyeza siti, acha ipande, achia tena. Hivyo chumba kidogo nacho kinapungua. Mwisho toa pini ya valvu kabisa. Shokapu inapaswa kubaki ndefu, milimita 200. Ikinywea, hujamaliza kazi ya mwanzo; rudisha pini, jaza, anza upya.

Ishike upande wa jicho lenye uzi kwenye vaisi kwa vipande vya mbao, usiume alumini kwa meno ya chuma. Pitisha tambara nene kwenye jicho la upande wa pili, upande ambao kopo litatokea, ili lolote likitokea likwame hapo badala ya kifuani kwako. Zungushia kopo ukanda wa tyubu kuukuu, ushike kwa mikono miwili, zungusha kinyume cha saa. Kwa kawaida linatosha mkono. Likigoma, tumia spana ya mkanda. Spana ya bomba ya jirani yako itaacha meno kwenye kopo na kulifanya liwe yai, na kopo lililokuwa yai halizibiki tena na sili yoyote duniani. Linapoteleza kutoka litafanya "po!" moja ndogo, hiyo ni ya kawaida.

Utakachokiona ndani kitakwambia historia ya mwenye baiskeli wa kwanza. Oili ya ndani ikiwa bado inaangaza, mtu aliitunza. Ikiwa ya kijivu na nzito kama uji wa ulezi, vumbi limepita sili ya nje na limekuwa likisaga. Futa kila kitu kwa fulana kuukuu ya pamba isiyoacha nyuzi. Tumia spiriti safi. Petroli hapana, nakuomba. Najua gereji zetu zote zina kopo la petroli la kuoshea, na kwa beringi za gurudumu sina ugomvi nalo, lakini sili zikishakunywa petroli zinavimba, zinalegea, na mpya ulizonunua zinakuwa za zamani siku hiyo hiyo.

Sili za zamani zitoe kwa vidole: zibane pande mbili hadi zipandishe nundu, kisha ingiza kijiti cha mshikaki chini ya nundu hiyo uivute. Kijiti cha mshikaki ndicho kifaa changu ninachokipenda kuliko vyote kwenye kazi hii. Bisibisi au msumari utachora mfereji kwenye alumini, na upepo wa psi 170 unaona mfereji huo kama barabara ya lami. Piga picha kila sili kabla ya kuitoa, hasa ile ya kufutia vumbi, ili ujue mdomo wake ulitazama wapi. Halafu pitisha ukucha kwenye shafti kuizunguka, na ndani ya kopo pia. Rangi ikiwa imefifia si neno. Ukucha ukikwama mahali, hapo ndipo upepo unapopita, na sili mpya zitakupa nafuu ya muda tu.

Sili mpya zipake grisi yake, ile laini kama losheni inayotengenezwa kwa shokapu za baiskeli. Grisi ya beringi ya magari ni nzito mno. Inaifanya shokapu isite kwenye kokoto ndogo, na nyingine zina viungo vinavyodhuru mpira. Hakikisha sili ya pistoni haijajisokota; izungushe kwa kidole uone imelala sawa kote. Weka oili ile iliyoelekezwa kwenye seti yako, nusu kijiko cha chai hivi, usizidishe ukidhani unaifanyia wema. Oili haibanwi. Ukijaza vijiko vitatu umepunguza nafasi ya upepo, na shokapu itagonga ukuta kabla ya kufika mwisho wa mwendo wake. Funga kopo kwa mkono hadi likae, ongeza kidogo kwa mkanda, rudisha pini, jaza psi 50, bonyeza mara kumi, 100, bonyeza, hadi 170. Pima sagi, lala, pima asubuhi.

Sasa, yote haya ni upande wa upepo. Shokapu ina upande wa pili, wa oili, ambao ndio unaozuia baiskeli isikurushe kama farasi. Huo umefungwa na gesi ya naitrojeni nyuma ya pistoni inayoelea, gesi inayoisukuma oili isifanye povu. Utajua umekufa kwa dalili ambazo hazina uhusiano na geji: kitufe chekundu unakizungusha mwanzo hadi mwisho na shokapu inarudi kwa kasi ile ile, au inachuruza na kukoroma ndani kama mtu anayemalizia soda kwa mrija, au ukiwa umetoa kopo, ukibonyeza shafti kwa mkono, sentimita ya kwanza inaingia bila ukinzani wowote kisha ndiyo inakaza. Au ukifungua kopo unakuta oili nyingi kuliko iliyowekwa. Utando mwembamba kwenye shafti, kama kioo ulichokipumulia, hauna tatizo. Oili inayodondoka ina tatizo. Huo upande usiufungue, na mimi mwenyewe nisingekushauri umpe mtu asiye na vifaa vya kurudishia gesi, hata kama anajua kila nati ya pikipiki. RockShox wanaupa saa 200.

Kuhusu kutupa: hapana. Mwili wa alumini usiokwaruzwa unaishi kuliko fremu nyingi. Zinazotupwa ni zile zilizopigwa spana ya bomba.

Na jirani yako usimnyime kazi. Inua baiskeli kwa siti taratibu, kidole chako kikiwa kwenye bolti ya shokapu. Ukisikia kagongo kadogo kabla gurudumu halijanyanyuka, bushi za kwenye macho zimekwisha, na kwenye mtumba mara nyingi zimekwisha. Kuzisukuma nje na kuingiza mpya kwa vaisi na soketi mbili ni kazi anayoifanya kila siku kwenye pikipiki, pengine kwa ustadi kunizidi. Mpe shokapu ikiwa haina upepo na iko milimita 200, si vinginevyo.

Kisha niandikie namba nne: urefu kutoka tundu hadi tundu, psi zinazoliwa na pampu yako, sagi ya jioni shokapu ikiwa imepoa, na sagi ya asubuhi. Nikizipata hizo nitakwambia kama uagize seti ya sili au uache kabisa kuipima kila siku.